Jinsi ya Kumtafuta Askari au Mchukuzi wa Ukoo Aliyefia Vitani: Mwongozo kwa Familia za Lindi na Mtwara

Katika koo nyingi za Lindi na Mtwara lipo jina la mtu ambaye habari zake huishia kwenye sentensi moja: alichukuliwa vitani, hakurudi. Wajukuu wanaotaka kujua alilazwa wapi huanza kwa kuulizia makaburi ya wanajeshi, wakasafiri, wakazunguka kati ya mawe na kurudi mikono mitupu. Safari ya namna hiyo imeanzia mwisho. Kaburi hutafutwa baada ya jina na vita kujulikana, kwa sababu kila vita iliyopita kusini mwa nchi yetu ina makaburi yake na madaftari yake, na daftari la vita moja halimsaidii anayemtafuta mtu aliyefia nyingine.

Jua kwanza ni vita ipi

Wazee hawakuzitaja vita kwa namba. Kwa hiyo usimuulize bibi kama ni ya kwanza au ya pili. Msikilize anavyosimulia, kisha upime mwenyewe. Akitaja maji ya dawa na waganga, hiyo ni Majimaji, iliyoanza Julai 1905 huko Umatumbi, na waliokufa humo hawakuwa na jeshi lililoandika majina yao, hivyo mwongozo huu hauwahusu. Akitaja mizigo ya kichwani, njaa, na Mjerumani akirudi nyuma kuelekea Ruvuma, hiyo ni vita ya 1914 hadi 1918. Akitaja meli, Habeshi, Madagaska au Burma, na mtu aliyeitwa keya, yaani askari wa K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la askari wa Kiafrika chini ya Waingereza), hiyo ni ya 1939 hadi 1945. Akitaja Msumbiji na sare za JWTZ, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayozungumzia Naliendele hapo chini.

Vita iliyopita juu ya ardhi yetu hasa ni ile ya Mjerumani, nayo ndiyo yenye utata mkubwa zaidi. Waingereza walishuka Mikindani na Lindi Septemba 1916, na mwaka huohuo Wareno wakavuka Ruvuma, wakaichukua Newala na kuipoteza baada ya muda mfupi. Mwaka 1917 mapigano yakaingia bara: tarehe 19 Julai palipiganwa Narungombe, upande wa Kilwa, na kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba palipiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, katika mapambano yanayohesabiwa kuwa ya damu nyingi kuliko yote ya vita ile Afrika Mashariki, ambapo upande wa Waingereza peke yake ulipoteza watu zaidi ya 2,000 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo jeshi la Kijerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma pale Ngomano na kuingia Msumbiji. Tarehe hizi ziweke kwenye daftari lako tangu siku ya kwanza. Mzee akisema kwamba mtu wenu alikufa wakati watu wanasafisha mashamba wakingoja mvua, tena upande wa Mtama au Nyangao, umekwisha kupata mwezi na mahali bila kuona karatasi yoyote.

Swali la pili ni upande aliokuwa. Wengi hulikwepa kwa haya, ingawa hakuna sababu ya kuona haya, kwa kuwa vijana wa kusini walichukuliwa na pande zote mbili, na mara nyingi hawakuulizwa. Aliyefia upande wa Mjerumani hatapatikana katika madaftari ya Waingereza, hata ukiyasoma mwaka mzima. Lakini usikate tamaa mapema, kwa sababu mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha K.A.R. kwa kuwatumia askari waliokuwa wa Mjerumani na kutekwa. Mtu anayekumbukwa nyumbani kama askari wa Mjerumani anaweza kuwa alikufa akiwa na namba ya jeshi la Mwingereza.

Swali la tatu ndilo zito: alikuwa askari au mchukuzi? Vita ile ilibebwa kichwani, kwa maana barabara hazikuwepo na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Waingereza waliandikisha wachukuzi wapatao milioni moja katika sehemu mbalimbali za Afrika, na vifo vilivyoandikwa vinakaribia 95,000, vingi vikiwa vya kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na utapiamlo. Kama hakuna anayekumbuka bunduki wala sare katika masimulizi ya nyumbani, chukulia kwamba alikuwa mchukuzi, na ujiandae kwa kazi ndefu zaidi.

Kusanya majina yote ya mtu mmoja

Hapa ndipo utafutaji hufaulu au hukwama. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo umefuata upande wa mama, na anayejua habari za marehemu mara nyingi si mtoto wa mwanawe bali ni kizazi cha dada yake. Kwa hiyo usiishie kwa babu mzaa baba. Nenda upande wa wajomba, uliza ni nani alirithi jina la marehemu, kwa kuwa jina lililorithiwa huja na maelezo ya aliyekuwa nalo. Ingia kwa heshima, ueleze nia yako kabla ya kutoa simu ya kurekodi, na useme wazi kwamba hutafuti shamba wala urithi. Maswali ya mtu aliyekufa zamani huamsha wasiwasi wa ardhi haraka kuliko unavyodhani.

Andika majina yote aliyowahi kuitwa: la utotoni, la jandoni, la dini, la utani, na la baba yake. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, naye mara nyingi alisikia jina la dini likifuatiwa na la baba, wakati nyumbani mtu huyo alijulikana kwa jina jingine kabisa. Wapo pia walioandikwa kwa jina la jumbe aliyewapeleka au la kijiji walichotoka, likageuka kuwa jina la ukoo mpaka leo katika daftari.

Baada ya hapo, tengeneza orodha ya tahajia kwa kila jina. Juma wa Mjerumani huandikwa Dschuma, na Rashidi huwa Raschid. Kwa Mwingereza Hamisi huwa Khamis, Hamissi au Amisi, na Athumani huwa Asmani, Osman au Othman. Majina ya asili ndiyo yanayoumia zaidi, hasa yanayoanza na herufi mbili ambazo sikio la mgeni halikuzizoea: Mf- hupoteza m, Nn- hubaki n moja, na ch, sh na j hubadilishana bila mpangilio. Kaa na mtu mwenye subira, usome kila jina kwa sauti kama ambavyo angelisoma mgeni, na uandike kila sura inayowezekana. Jioni moja ya kazi hii inaokoa miezi ya kusaka.

Tafuta kwenye daftari kabla ya kusafiri

Makaburi ya wanajeshi wa Uingereza na makoloni yake hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa Mei 1917. Daftari lake liko kwenye intaneti, na kulisoma ni bure. Anza kwa jina la mwisho peke yake bila kujaza kitu kingine, kisha punguza matokeo kwa kuchagua vita, jeshi na nchi ya kaburi. Usichague Tanzania haraka, kwa sababu aliyezaliwa Masasi akafia Burma ameandikwa Myanmar. Kama jina la mwisho halitoi kitu, weka la kwanza mahali pa la mwisho, kwani makarani walifanya hivyo mara nyingi.

Kwa vita ya 1939 hadi 1945 nafasi ya kumpata ni nzuri zaidi. Askari wa K.A.R. waliofia Burma na kukosa kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan, nchini Myanmar, na waliofia Madagaska wengine wako Diego Suarez. Wale waliozama na meli Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 katika Bahari ya Hindi ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, wako kwenye mnara wa kumbukumbu ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong. Ukoo wenye masimulizi ya mtu aliyemezwa na bahari uanzie hapo.

Ukipata jina, nakili kila kitu: namba ya jeshi, cheo, kikosi, tarehe, na mahali ndani ya makaburi, yaani sehemu, mstari na namba. Namba ya jeshi ina thamani kuliko jina, maana jina limegeuzwageuzwa lakini namba ni ya mtu mmoja. Iandike mahali pawili.

Kwenda Dar es Salaam

Makaburi makuu ya vita ya 1914 hadi 1918 nchini yako Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kilomita chache kutoka katikati ya jiji. Anayetoka Lindi au Mtwara kwa basi hushuka upande wa Mbagala na kuvuka jiji zima, kwa hiyo ni busara kulala na kwenda asubuhi. Elewa kabla ya kufika kwamba waliolala pale hawakuzikwa pale mwanzo. Makaburi hayo yalianzishwa mwaka 1968, wakati makaburi 660 yalipohamishwa kutoka eneo la Ocean Road ili kupisha barabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania ambako utunzaji haukuwezekana tena. Ndiyo sababu mtu aliyefia mbali sana na Dar es Salaam anaweza kuwa na jiwe pale, na ndiyo sababu ukienda kijijini alikofia unaweza kukuta shimo lililofukiwa au usikute kitu.

Jiwe husomwa kutoka juu kwenda chini. Kwa kawaida utaona alama ya kikosi, namba ya jeshi, cheo na jina, kisha kikosi, tarehe ya kufa, na umri kama ulijulikana. Alama ya dini huwa chini yake. Pte ni askari wa kawaida, Cpl ni koplo, Sgt ni sajini. Tarehe ndiyo ufunguo. Ukiona jiwe la K.A.R. lenye tarehe ya kati ya 15 na 18 Oktoba 1917, unaweza kuwa mbele ya mtu wa Mahiwa. Tarehe ya wiki chache baadaye ni ya kuisoma kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa majeruhi na wagonjwa walichukua muda kufa hospitalini. Herufi zikiwa zimefifia, usizisugue kwa chokaa, mswaki wa waya wala jiwe. Ziangalie asubuhi au alasiri jua likiwa limelala, au washa tochi ya simu na uishike ubavuni mwa jiwe, sambamba na uso wake, na kivuli kitaziinua herufi ambazo mchana wa saa sita hazionekani kabisa. Piga picha ukiwa katika hali hiyo.

Sasa jambo ambalo familia nyingi huambiwa wakiwa wamekwisha kufika, na ambalo ni afadhali mlijue nyumbani. Sehemu walizozikwa Waafrika katika makaburi ya zamani, za Wakristo, za Waislamu na za wengineo, hazikuwa zimewekewa alama ya kila mtu, na walipohamishwa waliwekwa katika makaburi ya pamoja yanayooneshwa kwa kuta. Haikuwa ajali. Baada ya vita, waliosimamia makaburi waliamua kwamba afisa na askari wa Kizungu apate jiwe lake, na kwamba askari na mchukuzi wa Kiafrika akumbukwe kwa jumla, kwa minara iliyosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ule wa Dar es Salaam ni sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Frederick Selous, mwindaji na afisa wa Kiingereza aliyeuawa Januari 1917 kule Beho Beho, ana kaburi linalojulikana na wageni huonyeshwa. Mtu aliyembebea mizigo hana. Aprili 2021 Tume yenyewe ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na iliomba radhi.

Kwa hiyo, kama mtu wenu alikuwa mchukuzi, usimpeleke bibi wa miaka themanini Dar es Salaam kwa ahadi ya kumwonesha kaburi. Mpeleke kwa kumwambia ukweli kwamba kuna kuta, na kwamba huenda ndugu yake yumo au hayumo. Wanaotaka kusoma Fatiha au kuomba kwa namna yao wafanye hivyo kwa utulivu, wakiwa wamewasalimu watunzaji wa bustani kwanza. Kwa uzoefu wangu, watunzaji hawa wanajua mistari kuliko ramani.

Kwenda Mahiwa

Ukitaka kufika mahali penyewe, shika barabara ya Lindi kwenda Masasi, pita njiapanda ya Mnazi Mmoja, kisha Mtama, mpaka Nyangao. Hakuna uwanja wa mawe meupe utakaokupokea; kuna mashamba ya watu. Ripoti kwanza kwa mtendaji wa kijiji, ueleze shughuli yako, na umwombe akuunganishe na wazee wanaojua mipaka ya zamani. Waulize kuhusu mahandaki, visima vya vita na vilima vyenye majina ya ajabu, kisha wasikilize bila kuwasahihisha kwa tarehe zako.

Ukionyeshwa mahali panaposemekana walizikwa watu, piga picha, andika alama za karibu kama mbuyu, mto au njia, na chukua vipimo vya mahali kwa simu. Usichimbe. Kufukua kaburi bila ruhusa ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo vyuma vya vita vinaweza kuwa hai hata baada ya miaka mia moja. Ukikuta kombora au risasi, usiiguse wala usiwape watoto wakuletee nyingine. Rudi kwa mtendaji na polisi waitwe. Wanunuzi wa vyuma chakavu wasijue ulipopita.

Naliendele

Makaburi ya mashujaa ya Naliendele, jirani na mji wa Mtwara, ni ya vita za enzi zetu. Walalao hapo ni askari wa JWTZ waliopoteza maisha kwa ajili ya Msumbiji, nchi ambayo Tanzania iliisaidia katika kupigania uhuru, na baada ya uhuru wa 1975 ikapeleka wanajeshi kuisaidia dhidi ya waasi wa RENAMO hadi walipoondolewa mwaka 1988. Hapa huna haja ya kubahatisha tahajia. Jeshi linawajua watu wake, na familia inayotaka kuzuru au kuthibitisha taarifa iandike barua kupitia ofisi ya mtendaji wa kata na kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, ikiambatanisha nakala ya kitambulisho cha mwombaji na chochote alichoacha marehemu: barua ya jeshi, picha ya sare, namba.

Siku inayofaa zaidi kwa wengi ni tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Katika sherehe ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na silaha nyingine za jadi pamoja na shada la maua huwekwa na viongozi wengine, dua na sala zikisomwa na viongozi wa dini. Uliza ofisi ya wilaya mapema kuhusu utaratibu wa mkoani, kwani nafasi za wajane na watoto wa marehemu hupangwa kabla ya siku yenyewe. Vaa kwa staha, usipige picha za wanajeshi walio kazini bila kuruhusiwa.

Jina likikosekana

Kukosekana kwa jina kwenye daftari si mwisho wa kesi. Tume hupokea maombi ya kuongeza majina, kwa masharti mawili makubwa: mtu awe alikufa kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, na awe alikufa akiwa jeshini au kwa sababu iliyotokana na utumishi wake. Angalia vizuri tarehe ya 1921. Mchukuzi aliyerudi nyumbani mwaka 1918 akiwa anaharisha damu na kufa miezi mitatu baadaye, akazikwa kwenye makaburi ya kijiji, anaweza kuingia, nanyi mnalijua kaburi lake.

Ugumu uko kwenye ushahidi, kwa sababu Tume hutaka maandishi, na masimulizi peke yake hayatoshi. Tafuta kitabu cha ubatizo au cha mazishi katika misheni kongwe kama Ndanda, kama marehemu alikuwa Mkristo. Tafuta medali, kipande cha sahani ya namba au cheti cha kuachishwa jeshi katika masanduku ya upande wa wajomba. Nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukaombe vitabu vya wilaya za Lindi, Mikindani na Newala vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza. Ndani yake kuna habari za majumbe na koo, na mara chache majina ya watu. Omba kibali cha utafiti kabla ya kusafiri, na uandike namba ya jalada la kila ukurasa ulioutumia, la sivyo ushahidi wako hauwezi kukaguliwa.

Masimulizi nayo yaandikwe, hata kama hayatoshi peke yake. Chukua maelezo ya wazee wawili au zaidi, kila mmoja kwa wakati wake ili wasiigane, yawe na jina la msemaji, uhusiano wake na marehemu, kijiji, na tarehe ya mazungumzo, kisha wasomewe na waweke sahihi au dole gumba mbele ya mtendaji. Ombi litumwe likiwa na nakala. Karatasi halisi zibaki nyumbani, kwa mtu aliyechaguliwa na ukoo, na nakala moja ibaki kwenye jalada la ofisi ya kijiji.